Marufuku Haikeshi Shambani

Masika yanapokaribia, moshi huinuka Msuka. Hautoki mahali pamoja. Huchomoza huku na huko juu ya vichaka vya maweni, kaskazini kabisa mwa Pemba, na msafiri anayetoka Konde kwenda Ngezi huuona moshi kabla hajaliona shamba lenyewe. Moshi huo una mabishano yake ya kila msimu. Ofisini hutoka neno moja, nalo ni marufuku. Shambani hutoka neno jingine, ambalo halisemwi mbele ya sheha: basi tutachoma usiku. Sisi tulio watumishi wa umma, pamoja na walimu wanaoishi mlango kwa mlango na wakulima hao, tumezoea kulisikia neno la kwanza tu. Hatuna budi kulisikia na la pili, kwa sababu ndani ya hilo la pili ndimo hatari yote ilimo.

Tuanze na huyo anayeshutumiwa. Pemba si kisiwa cha udongo wa namna moja. Magharibi na katikati kuna vilima na mabonde yenye udongo wa kina, makao ya mikarafuu na mpunga. Mashariki na kaskazini, katika sehemu kubwa ya Wilaya ya Micheweni, kuna maweni: jiwe la matumbawe ya kale lililochongoka, na udongo umejificha katika vishimo na nyufa, pengine kwa kina cha shibiri moja. Huko trekta halipiti, na jembe likishuka kwa nguvu hurudi limepinda. Mkulima hutumia panga, shoka na muo. Hufyeka kichaka, huyaacha matawi yakauke katika jua la kaskazi, kisha hutia moto.

Moto humfanyia kazi ambayo mikono ya mtu mmoja haiwezi kuimaliza kabla ya mvua. Huondoa miiba, huua mbegu za magugu zilizolala juu ya ardhi, hufukuza nyoka na kupe, na huacha jivu lenye potasiamu na fosforasi, ambalo mtama na kunde hulifurahia sana mwaka ule wa kwanza. Mbolea ya dukani ni ghali kwake, na hata akiipata, mvua kubwa huipitisha katika nyufa za jiwe ikaenda zake. Kumwambia mtu huyu "usichome", kisha ukanyamaza, ni kumwambia asilime.

Hayo hayana maana kwamba moto hauna hasara. Unayo, na ni kubwa. Naitrojeni, ambayo ndiyo chakula kikuu cha jani, huruka pamoja na moshi. Majani makavu ambayo yangeoza yakawa udongo huteketea. Jivu lililobaki husukumwa na mvua mbili tatu za nguvu. Zamani hasara hii ililipwa na wakati: shamba lililimwa misimu michache, likaachwa likawa kichaka tena kwa miaka mingi, majani yakaanguka na udongo ukarudi. Leo wakati huo umepungua. Sensa ya 2012 ilihesabu Pemba watu zaidi ya 406,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 543,000. Kisiwa hakikuongezeka hata pima moja. Matokeo yake ni kwamba kichaka hukatwa kabla hakijakomaa, huchomwa kingali chembamba, na kila mzunguko huliacha jiwe jeupe zaidi kuliko ulivyolikuta.

Tena Msuka ina jirani asiyeweza kujitetea, naye ni Msitu wa Ngezi. Huu ndio msitu mkubwa wa asili uliosalia Pemba, mabaki ya mwitu uliofunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu ya karne ya 19 na mashamba ya chakula kuufyeka. Ndani yake mna mpapindi, mti wa jamii ya mitende ambao asili yake ni hapahapa Pemba. Mna popo mkubwa wa Pemba, ninga wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba, viumbe ambao hakuna nchi nyingine duniani inayoweza kujivunia kuwa nao. Kaskazi huvuma kutoka baharini na kuusukuma moto kwenda bara ya kisiwa. Cheche iliyochukuliwa na upepo wa saa saba mchana haijui mpaka wa hifadhi, wala haijui mkarafuu wa nani, na mkarafuu ni mti wenye mizizi ya juujuu ambao hauwezi kuvumilia moto miguuni pake.

Kwa hiyo wanaotaka moto udhibitiwe wana haki. Ninapoachana nao ni pale wanapodhani kwamba kudhibiti na kupiga marufuku ni kitu kimoja.

Hebu tufikiri kinachotokea marufuku inapotangazwa bila ya njia nyingine. Mkulima ana kichaka kilichokwisha kufyekwa na kukauka, na mvua iko mlangoni. Hawezi kuwaita jirani zake waje wamsaidie kuulinda moto, maana kuwaita ni kuwafanya mashahidi wa kosa lake. Hawezi kuchoma alfajiri na mapema, wakati umande ungalipo na upepo umelala, maana ataonekana. Hawezi kufyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba, maana njia hiyo ni ushahidi kwamba alikusudia kuchoma. Basi hungoja giza, huwasha upande mmoja, hurudi nyumbani na kulala. Asubuhi akiulizwa, husema moto aliukuta. Huo ndio moto ulio mbaya kuliko yote, moto usio na mwenyewe. Amri iliyokusudiwa kuuzuia moto usitoroke imemwondoa mtu mmoja aliyekuwa na sababu ya kukaa kando yake na kuulinda.

Afisa aliyetoa amri haoni hayo. Anachokiona katika jalada ni kwamba tangazo limebandikwa, sheha ametia sahihi, na mwezi umepita bila ya mtu kuomba kibali. Huandika taarifa kwamba hali ni shwari. Nathubutu kusema kwamba katika mambo ya moto, ukimya wa jalada ni dalili mbaya.

Historia yetu inayo mafunzo ya kutosha juu ya amri za kilimo zinazoteremshwa kutoka juu. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembesamaki, Unguja, walikataa ng'ombe wao wachanjwe kwa amri ya Serikali ya kikoloni. Nyuma ya ukaidi ule kulikuwa na machungu mengine, yakiwemo ya ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Lakini amri ya chanjo ndiyo iliyowasha. Watu walikamatwa, umati ukajaa, risasi zikapigwa, watu wakafa, na tukio lile likabaki katika vinywa vya Wazanzibari kwa jina la Vita vya Ng'ombe. Miaka minne baadaye, mwaka 1955, Waluguru katika Tanganyika walikataa kulazimishwa kuchimba ngazi za kuzuia mmomonyoko milimani mwao, na huko nako roho ya mtu ilipotea. Chanjo ni kitu chema. Ngazi mlimani pengine ni kitu chema. Lakini mkulima aliamrishwa na mtu ambaye hakumweleza, wala hakumwuliza, wala hakuwa na njaa naye.

Serikali ya leo si ile ya mkoloni, na kwa sababu hiyo hasa ina deni kubwa zaidi la maelezo. Azimio la Siasa ni Kilimo, lililopitishwa Iringa mwaka 1972, lilimtaka kiongozi wa wakulima aijue kazi ya kilimo. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya mengi yaliyofanywa kwa jina la siasa ile, lakini sharti hilo halijachakaa. Afisa asiyejua tofauti ya kuchoma maweni na kuchoma majani ya bondeni hana cha kumfundisha mkulima wa Msuka.

Sasa niliguse jambo ambalo huwa halitajwi katika matangazo, na ambalo litatuchoma sisi wenyewe. Moto wa vijijini si wa shamba peke yake. Uko moto wa tanuu la chokaa na uko moto wa mkaa. Chokaa ni kazi ya kale sana katika pwani yetu; misikiti ya mawe ambayo magofu yake yangalipo Msuka ilijengwa kwa chokaa iliyochomwa kwa kuni za mahali hapo. Namna ya kazi haijabadilika mno: magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu yake, kisha moto ukawashwa na kuachwa ule mpaka jiwe liive. Tanuu moja humeza miti ambayo familia ingeipikia kwa muda mrefu. Nao mkaa hutaka miti migumu, na miti migumu ndiyo iliyochelewa kukua.

Mkulima anayechoma kichaka chake hula yeye na watoto wake kile kinachoota. Mwenye tanuu na mwenye tanuri la mkaa huchoma kwa ajili ya mnunuzi. Mnunuzi huyo ni nani? Ni nyumba zinazojengwa Wete na Chake Chake. Ni ukuta wa ofisi uliopakwa chokaa kwa ajili ya sherehe. Ni jiko la mwalimu na jiko la karani, ambamo gunia la mkaa huingia bila ya kuulizwa limetoka wapi. Mkono uleule uliotia sahihi tangazo la marufuku asubuhi humlipa mchoma mkaa jioni. Mwenye shamba la kunde huitwa mharibifu wa mazingira. Mwenye kununua gunia huitwa mteja. Sheria inayomwangalia mmoja na kumfumbia macho mwenziwe haiwezi kupata heshima vijijini, hata ikitangazwa kwa vipaza sauti kutoka Makangale hadi Mkoani.

Na kabla hatujatoka nje ya uzio wetu, tutazame nyuma ya skuli na ofisi zetu. Kuna shimo la taka, na ndani yake kila wiki huchomwa karatasi pamoja na chupa za plastiki na mabaki ya mifuko. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Tanzania Bara kufuata mwaka 2019. Plastiki za namna nyingine zingalipo tele. Moshi wa plastiki ni sumu, na kwa pafu la mtoto ni mbaya kuliko moshi wa kichaka. Mwanafunzi anayesomeshwa hasara za kuchoma misitu huku moshi wa shimo hilo ukiingia dirishani hujifunza jambo jingine kabisa.

Zanzibar haikosi sheria. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu, Nambari 10 ya 1996, ilifungua mlango muhimu kwa kuwawezesha wanavijiji kufanya mkataba na Serikali wa kuutunza msitu wao wenyewe, kuugawa kwa matumizi mbalimbali na kujiwekea kanuni. Kwa maneno mengine, palipo na mkataba wa namna hiyo, kanuni ya moto yaweza kutungwa na watu watakaoulinda moto huo. Tanzania Bara, Sheria ya Misitu ya 2002 ina sehemu nzima inayohusu moto, na humo mna utaratibu wa vibali vya kuchoma. Kenya nayo ina sheria yake ya moto wa nyika, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Hata Brazil, misitu ya Amazon ilipowaka mwaka 2019 na dunia nzima ikapiga kelele, serikali ilitangaza marufuku ya kuchoma ya siku 60, kisha siku chache tu baadaye ikalazimika kuilegeza kwa maeneo yaliyo nje ya Amazon, maana kuna kilimo ambacho bila ya moto wa kiasi hakiendi.

Lililo karibu nasi zaidi ni la Kilwa. Huko vijiji vyenye misitu yao ya mpingo vimefanya kinyume cha marufuku: huchoma majani mapema, mara baada ya mvua kuisha, yangali na unyevu, ili moto uwe mdogo na wa polepole, na baadaye moto mkali wa kiangazi ukija usikute cha kula. Sisemi tuige hayo Msuka. Nyika ya Kilwa ni ya majani, na kichaka cha maweni si majani; ukikichoma kibichi hakishiki, na kikishika ni hasara tupu. Ninalolitaja ni kwamba kanuni ya Kilwa ilitokana na Kilwa. Aliyeiunda alijua majani yale hukauka lini na upepo ule hugeuka lini.

Kanuni ya Msuka ingekuwaje? Wazee wa huko wanaijua nusu yake, maana kabla ya matangazo watu walichoma kwa desturi. Shamba husafishwa ukingoni kwa upana wa hatua kadhaa mpaka jiwe lionekane. Matawi hayachomwi yalipoangukia, bali hukusanywa katika mabiwi madogo katikati ya shamba, mbali na miti ya matunda na mbali na mpaka wa jirani, na biwi moja huisha ndipo jingine likawashwa. Kwa njia hii udongo ulio baina ya mabiwi hauguswi na moto, na majani madogo yaliyobaki hufunika ardhi. Jivu hutiwa katika vishimo vya kupandia badala ya kuachiwa mvua. Jirani huarifiwa siku iliyotangulia, naye huja na tawi bichi na ndoo. Mwenye shamba haondoki mpaka biwi limepoa kiasi cha kutia mkono. Ndugu zetu wa Makunduchi, Unguja, wanapoadhimisha Mwaka Kogwa hulitia moto banda la makuti mbele ya mji mzima, na watu wote hujua limewashwa na nani, wapi, na litazimika lini. Moto wa shamba unastahili adabu hiyohiyo.

Upungufu wa desturi ni kwamba haimkumbuki Ngezi, wala haikujua kwamba watu watakuwa wengi hivi. Hapo ndipo Serikali inapoingia. Mashamba yanayopakana na hifadhi yasichomwe kabisa, na wenye mashamba hayo wapewe badala yake kitu cha kushika mkononi: miche, mbegu za mbaazi na kunde za kurutubisha udongo, na mtu wa kuwaonyesha namna ya kupanga matawi kwa mistari yaoze. Kwengineko, kibali kipatikane kwa sheha, siku hiyohiyo, bila ya malipo. Mkulima akilazimika kupanda gari kwenda Wete kutafuta karatasi ya ruhusa ya kuchoma kichaka cha robo eka, nauli itamshauri usiku. Na sheha awe na mamlaka ya kusema leo hapana, upepo ni mkali, njoo kesho.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumwamini mkulima kupita kiasi. Nawajibu kwa habari ya popo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba walikuwa wamewindwa na kukatiwa miti hata wataalamu wakahofia kwamba watatoweka duniani. Hawakuokolewa na askari aliyesimama chini ya kila mti. Viliundwa vilabu vya vijijini, Kidike ukiwa mmojawapo wa mifano inayojulikana zaidi. Wanavijiji wakayalinda makoloni ya popo na wageni wakaanza kuja kuwatazama. Baada ya miaka popo wakahesabiwa tena kwa maelfu mengi. Waliofanya hivyo ni Wapemba haohao tunaoambiwa kwamba hawaelewi hifadhi.

Isitoshe, moto ukishinda, ni nani huitwa? Mlima Kilimanjaro ulipowaka mwezi wa Oktoba 2020, waliopanda kupambana nao pamoja na askari na watumishi wa hifadhi walikuwa wanafunzi na wanavijiji. Gari la zimamoto haliwezi kupita juu ya maweni ya Msuka. Kikosi cha Zimamoto kikifika, kitasimama barabarani. Watakaoingia na matawi mabichi ni wale ambao jana tuliwatangazia faini. Ni afadhali waingie tangu mwanzo, biwi lingali dogo.

Kaskazi huanza Disemba, na wafyekaji huanza kabla yake. Mikutano ya shehia kwa hiyo ingefanywa Novemba: Msuka Mashariki, Msuka Magharibi, Makangale na Konde, bwana msitu na bwana shamba wakiwa wameketi pamoja, na mwalimu wa skuli ya karibu akiandika yanayokubaliwa kwa lugha inayosomeka. Daftari la vibali likae kwa sheha kabla ya mwaka kwisha. Skuli zitenge shimo la plastiki mbali na shimo la majani, na shimo hilo la plastiki lisiwashwe. Na idara yoyote itakayojenga ofisi, zahanati au nyumba ya mwalimu katika Mkoa wa Kaskazini Pemba imtake mkandarasi aonyeshe, kabla hajalipwa, chokaa yake imechomwa kwa kuni za wapi.